Fundi aliyefuata waya: taa ya ABS kwenye Kilitaimu yangu

Gari langu ni RAV4 ya mwaka 2003, lile ambalo hapa Dar tunaliita Kilitaimu. Nina mwaka wa sita nalo. Halijawahi kunilaza njiani, na karibu kila mwezi hunipeleka Soni, Lushoto, kumwona mama na kunirudisha salama. Naandika kuhusu gereji ya umeme wa magari iliyoko Tabata, nyuma kidogo ya Relini, chini ya mwembe mkubwa, ambako taa iliyonisumbua miezi mitatu ilizimwa kwa shilingi 65,000. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshatoa 150,000 kwingine na kutajiwa 700,000 kwingine tena, na taa ilikuwa bado inawaka.

Taa yenyewe ni ile ya njano yenye herufi ABS. Iliwaka mara ya kwanza mwezi wa tatu, nikikata kona pale Buguruni. Nilizima gari, nikawasha, ikapotea. Nikatembea kama kilomita moja ikarudi. Wiki ile ilikuwa inawaka na kuzimika itakavyo, baadaye ikawa kila nikipita shimo inawaka, mwisho ikaganda moja kwa moja. Niliowauliza wengi walinijibu neno moja: breki si zinakamata? Endesha.

Ni kweli zilikuwa zinakamata. Taa ya njano ya ABS haimaanishi kwamba huna breki. Ukiona ile nyekundu ya breki, hapo ndipo usimame. Lakini kazi ya ABS ni kuzuia magurudumu yasigande unapokanyaga kwa nguvu, ili usukani uendelee kukusikiliza. Hilo nililijua mwezi wa nne, tukiteremka kutoka Soni kwenda Mombo na mama amekaa nyuma, nampeleka hospitali. Mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye kona moja tukakuta Fuso la kabichi limesimama katikati ya barabara. Nilikanyaga. Magurudumu yaligoma kuzunguka, gari likateleza mbele kama liko juu ya sabuni, na nilipokata usukani halikufuata. Tulisimama hatua mbili kutoka kwenye bodi ya lile lori. Mama alisema "Yarabi stara" mara moja, kisha hakusema neno mpaka Mombo. Tangu siku ile sikutaka tena kusikia habari ya "endesha tu".

Gereji ya kwanza sitaitaja. Walichomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa namba C0205, kijana akasoma kwenye simu yake: sensa (kifaa kinachopima mwendo) ya gurudumu la mbele kushoto. Akasema sensa imekufa. Tukanunua iliyotumika kwa 120,000, ufundi 30,000, taa ikazimika. Nilimshukuru Mungu kwa siku nne. Siku ya tano, kwenye tuta la Vingunguti, ikawaka. Niliporudi wakaniambia basi na hii ya pili ni mbovu, ninunue nyingine.

Gereji ya pili walichomeka mashine yao, wakaona namba ile ile, na kwa kuwa sensa ilikuwa imebadilishwa wakasema kilichobaki ni kompyuta ya ABS yenyewe, 700,000 pamoja na kufunga. Nilipokaa kimya, mmoja wao akanipa njia nyingine, na naamini alitaka kunisaidia: ang'oe balbu ya taa kwenye dashibodi kwa 10,000, nisione tena. Nikamwambia hapana. Ndugu zangu mnaonunua magari mkononi, angalieni sana hapa. Ukigeuza ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa ya ABS lazima iwake sekunde chache kisha izimike yenyewe. Isipowaka kabisa, usifurahi. Uliza kwa nini.

Tabata nilielekezwa na mwenzangu wa kazini, ambaye Noah yake ilikuwa na taa ya mkoba wa hewa (airbag) isiyozimika. Nilifika saa mbili asubuhi Jumamosi nikakuta magari matano mbele yangu. Hakuna kibao chenye jina. Kuna banda la mabati, meza ndefu yenye mita na koleo zilizopangwa kama vyombo vya zahanati, na mzee wa makamo aliyevaa miwani amefunga kamba nyuma ya shingo. Vijana wake ni wawili, na wote wanamwita "mzee".

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mama, karibu. Gari lina nini?"

Nikaanza kumweleza habari ya sensa na kompyuta. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, kisha akauliza, "Kabla taa haijawaka mara ya kwanza, gari lilifanywa nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Ilibidi nifikiri. Nikakumbuka kwamba mwezi wa pili, wiki tatu kabla ya Buguruni, nilibadilisha shokapu za mbele zote mbili. Akatikisa kichwa, akaandika kwenye daftari, akaniambia nisubiri zamu yangu.

Nilisubiri saa tatu unusu. Hili ni la kulalamikia kweli: pana benchi moja tu, na kivuli cha mwembe kikihama nawe unahama. Lakini nilitumia muda ule kumwangalia anavyofanya kazi, na kilichonituliza ni namna alivyoshughulika na gari lililokuwa mbele yangu, lenye taa ya mkoba wa hewa. Alipima betri, akatoa waya wa hasi, kisha akakaa pembeni bila kugusa kitu. Mwenye gari alianza kuhangaika. Mzee akamwambia umeme wa mkoba hubaki kidogo hata betri ikitolewa, na Toyota wenyewe wanataka usubiri angalau sekunde 90. Ndipo akainama chini ya kiti, akaivuta soketi ya njano iliyokuwa imelegea kwa sababu kiti kilishushwa siku ya kuosha kapeti. Nyaya hizo za njano hakuzipima kwa mita hata kidogo. Alimwambia kijana wake kwa ukali kwamba mita inapeleka umeme wake mwenyewe, na mkoba hauchezewi.

Zamu yangu ilipofika alianza na betri pia. Betri ikishuka, alisema, kompyuta za gari huanza kulalamika mambo ambayo hayapo. Yangu ilikuwa nzima. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona: kabla ya kuchukua mashine, alichukua kipande cha waya kilichokunjwa kama pini ya nywele, akakichomeka kwenye soketi ya chini ya usukani akiunganisha matundu mawili, TC na CG, akageuza ufunguo. Taa ya ABS ikaanza kupepesa. Mara tatu, ikapumzika, mara mbili. Tatu, mbili. "Thelathini na mbili," akasema. "Mbele kushoto." Toyota za miaka ile zinajisemea zenyewe bila mashine: 31 ni mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Msijaribu nyumbani kama hamyajui matundu hayo, mtaunguza kitu. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza kuiona taa ile ikinieleza jambo badala ya kunitisha.

Baada ya hapo ndipo ikaja mashine, ikatoa C0205 kama kawaida. Nikamwambia, "Ndiyo hiyo hiyo, sensa."

"Hapana, mama. Hapa inasema habari ya tairi la mbele kushoto haifiki. Kwenye njia hiyo kuna sensa, kuna soketi, kuna nyaya mbili mpaka kwenye kompyuta. Chochote kikikatika hapo, namba inayotoka ni hii hii."

Nasisitiza maneno hayo kwa sababu ndiyo yaliyonigharimu 150,000 kutoyajua. Gereji mbili zilisoma namba na kwenda moja kwa moja kununua. Yeye alisoma namba na kuanza kutafuta.

Kijana aliketi kando yangu na mashine mapajani, tukazunguka mtaa. Kwenye kioo palikuwa na mwendo wa magurudumu manne. Matatu yalikuwa yanapanda na kushuka pamoja, 20, 25, 30. La mbele kushoto lilikuwa linakwenda nayo vizuri, halafu tukipita shimo au nikikata kulia linaanguka mpaka sifuri na kurudi. Kijana akasema, "Sensa iliyokufa haifufuki ukinyoosha usukani." Alisema kwa sauti ya mtu aliyefundishwa vizuri.

Tuliporudi gari likapandishwa jeki, likawekewa stendi (sikuwahi kuona stendi kule kwingine, walikuwa wanaingia chini kwa jeki tupu), tairi likatolewa. Nikaitwa nione. Waya wa sensa unatoka kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, unapanda ukishikwa na kikamata cha bati kwenye shokapu, kisha unaingia nyuma ya plastiki ya madigadi kwenda kwenye soketi. Upande wa kulia kikamata kilikuwa kimefungwa kwa boliti namba kumi. Upande wa kushoto boliti haikuwepo. Waliobadilisha shokapu waliifungua na hawakuirudisha. Kwa hiyo tangu mwezi wa pili, kila nilipokata usukani, waya ulikuwa unavuta soketi badala ya kucheza pale ulipopangiwa kucheza.

Akachomoa soketi, akapima sensa. Ya kushoto ilisoma ukinzani wa kilo-omu moja na nusu hivi. Akaenda kupima ya kulia, ikakaribiana nayo. Akazungusha habu kwa mkono, mita ikaonyesha kaumeme kadogo kanakopanda kadiri anavyozungusha haraka. Sensa za gari langu ni za aina ya zamani: sumaku iliyozungukwa na waya mwembamba, gurudumu la meno likipita mbele yake linazalisha umeme wenyewe. Kwa magari mapya, alinieleza, sensa huhitaji kupewa umeme kwanza na hazipimwi hivyo. Anayezipima kwa namna hii atasema mbovu wakati ni nzima. Basi sensa yangu ilikuwa nzima. Nikamuuliza kuhusu ile ya kwanza iliyotolewa, bahati nzuri nilikuwa nayo kwenye buti. Akaipima. Nzima vile vile.

Nilinyamaza kidogo hapo.

Sasa akatoa waya wa hasi wa betri, akachomoa soketi ya kompyuta ya ABS, akapima nyaya mbili kutoka mwanzo hadi mwisho. Mita ikalia kwa zote mbili, yaani umeme unapita. Nikadhani tumerudi kwenye ile 700,000. Yeye akachukua balbu ndogo ya wati 5, akaiunganisha na betri ya mezani kupitia kila waya. Wa kwanza balbu iliwaka vizuri. Wa pili ikawaka hafifu, na alipoutikisa waya ikazimika. Akanieleza kwamba mita hupeleka umeme mdogo sana, uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuifanya ilie. Balbu inadai zaidi, kwa hiyo waya ulioshikiliwa na uzi mmoja unajulikana hapo hapo. Pia alihakikisha hakuna waya uliogusa bodi.

Halafu akavitumia vidole tu. Aliushika waya nyuma ya soketi, upande wa gari, akauvuta taratibu sentimita kwa sentimita. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa, hauna mchubuko. Ulipofika kama vidole vitatu kutoka kwenye soketi, ukavutika kama mpira. Akanipa mkono nijaribu mwenyewe. Sehemu nyingine ni ngumu, pale panalegea, kwa sababu ndani hamna shaba, ni ganda tu. Alipopasua, shaba ilikuwa imekatika nyuzi zote isipokuwa chache, na maji yalikuwa yameingia kupitia soketi, imekuwa kijani. Ndiyo maana kule kwa kwanza taa ilizimika siku nne: walipoishikashika soketi wakati wa kubadilisha sensa, nyuzi ziligusana.

Kwenye kutengeneza ndiko nilikomheshimu zaidi, kwa kuwa nimeshaona wengi wakisokota nyaya mbili na kuzivisha tepu nyeusi, basi. Alikata kurudi nyuma mpaka akapata shaba inayong'aa. Hakupaunga pale pale panapocheza. Aliweka kipande kipya cha unene ule ule, na maungio akayasogeza juu, mahali waya umelala kwenye bodi na hautikisiki. Ule waya wa kwanza, ingawa ulipita mtihani wa balbu, naye aliubadilisha, kwa kuwa ulikuwa umevutwa miezi ile ile. Maungio ya nyaya hizo mbili hayakukaa sambamba; moja lilitangulia na jingine likafuata, ili siku ganda likichubuka yasigusane. Alibana kwa vibanio vya shaba na koleo lake maalumu, akavuta kuhakikisha, akavisha mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, akaupasha mpaka gundi ikachungulia pande zote mbili.

Nilimuuliza mbona hachomelei kwa risasi kama mafundi wa redio. Akasema risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na mahali risasi inapoishia ndipo waya hukatika kwenye gari linalotikisika kila siku. Kisha akazisokota zile nyaya mbili pamoja kama nywele, jinsi zilivyokuwa zimesokotwa kiwandani. Msokoto ule si urembo. Unazuia umeme wa plagi na wa altaneta kuingiza kelele kwenye habari ya sensa, ambayo ni ndogo mno. Mwishoni akavisha bomba la plastiki lenye mikunjo, akalifunga kwenye bodi, na kutoka kwenye kopo la boliti akachagua namba kumi moja, akakibana kile kikamata kwenye shokapu. Boliti hakunidai.

Kijana mmoja alitaka kutoboa ganda la waya kwa sindano ya mita ili ahakiki. Mzee alimzuia. Tundu la sindano, alisema, ni mlango wa maji, na mwezi ujao mteja anarudi.

Walifuta namba kwenye mashine, wakauzungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto tairi likiwa hewani kuona kama waya unagusa popote, kisha tukatoka kwenda kwenye barabara ya vumbi jirani. Akaniambia nifike 40 nikanyage breki kwa nguvu zote. Nilisita. Akasema, "Kanyaga, mama." Pedali ikatetemeka chini ya mguu wangu, trrrr, na gari likasimama limenyooka. Mtetemo ule ndio ABS ikifanya kazi. Nililia kidogo, nilikumbuka lile Fuso. Mzee alitazama dirishani mpaka nilipomaliza.

Malipo: kupima 20,000, kazi na vifaa 45,000. Nililipa kwa simu. Risiti utaiomba, hatoi mwenyewe bila kuulizwa, na hilo nilimwambia alirekebishe. Kipande cha waya uliokatika alinipa kwenye kimfuko, bila mimi kuomba, pamoja na ushauri kwamba wanaoosha gari kwa mashine ya presha wasielekeze maji kwenye matundu ya madigadi wala kwenye injini.

Sasa ni mwezi wa saba tangu siku hiyo. Nimekwenda Soni mara tano, mbili kati ya hizo kwenye mvua, na taa ya ABS huwaka ninapogeuza ufunguo na kuzimika kama inavyotakiwa. Mama huitazama pia. Amejifunza.

Mapungufu niyaseme kama yalivyo. Foleni ni ndefu na hapokei miadi kwa simu. Simu yenyewe mara nyingi haipokelewi. Choo ni cha jirani. Mvua kubwa ikinyesha, uwanja unajaa maji na hafanyi kazi za chini ya gari, anakurudisha. Magari ya Ulaya anakataa, nilimwona akimrudisha mwenye gari la Kijerumani akimweleza waziwazi kwamba hana mashine ya kulisoma sawasawa. Na hana haraka. Kama unataka taa izimike ndani ya dakika kumi ili uwahi mteja wa kununua gari, hapa hapakufai.

Jumapili hafungui. Ijumaa anafunga saa sita kwa ajili ya sala na kurudi saa nane. Fika saa moja na nusu asubuhi, beba maji ya kunywa, na kama una spea ulizoambiwa ni mbovu kwingine, nenda nazo azipime.